Kaunti imezungukwa na miti, mbona haina pesa ya polisi?

Msomaji wetu wa Eldoret ametuandikia kuhusu dada yake, muuguzi katika mji wa Grants Pass, jimbo la Oregon, Marekani, ambaye sasa ni raia wa huko. Anasema dada huyo ameshapiga kura zaidi ya mara moja kuhusu kodi ya ziada ya kulipia jela na polisi wa kaunti. Wenzake kazini humwambia hakuna haja ya kodi: "Tumezungukwa na misitu, ni serikali kuu tu iliyotufungia." Msomaji anauliza: "Inawezekanaje kaunti iwe maskini katikati ya miti ya mabilioni? Na kwa nini isiende kortini ikaichukua misitu yake?"

Ndugu yangu, nitaanza na neno lako la mwisho, "yake", maana ndilo linalowaponza hata Wamarekani wenyewe. Misitu ile si ya kaunti. Haijawahi kuwa ya kaunti hata siku moja.

Wewe unaishi Kenya, kwa hiyo ukisikia "kaunti" unamwona gavana, bunge la kaunti, na mgao ambao Katiba ya 2010 inasema usipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kaunti ya Marekani haina kinga ya namna hiyo. Katiba yao haiitaji popote kama ngazi ya utawala. Ni mtoto wa jimbo: jimbo limeizaa, na jimbo linaweza kuipunguzia au kuiongezea mamlaka. Inaendeshwa na makamishna wachache, mara nyingi watatu, pamoja na sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti anayechaguliwa kwa kura. Pesa yake kubwa ni kodi ya ardhi na majengo. Na ardhi ya serikali ya shirikisho, yaani serikali kuu ya taifa, hailipiwi kodi hiyo.

Hapo ndipo mshipa ulipo. Katika majimbo ya mashariki kama Connecticut, ardhi ya serikali ya shirikisho haifiki hata asilimia 1. Huko Oregon ni zaidi ya nusu, na Nevada ni kama asilimia 80. Idara ya Misitu ya Marekani peke yake ina ekari zipatazo milioni 193. Kaunti ya Josephine, anakoishi dada yako, karibu sehemu mbili kwa tatu ya ardhi yake ni ya taifa. Kamishna wa huko ana barabara za kutengeneza na wafungwa wa kulisha, lakini anakusanya kodi kwenye kipande kidogo tu cha eneo lake.

Kabla ya kaunti, na kabla ya serikali yenyewe, bonde lile la mto Rogue lilikuwa la Watakelma na jirani zao, waliohamishwa kwa nguvu baada ya vita vya 1855 na 1856. Huwa nalitaja hili mapema, kwa sababu katika mabishano ya nani "mwenyeji" wa misitu hiyo, kaunti na Washington, yaani serikali kuu, hupenda kuzungumza kana kwamba wako wawili tu chumbani.

Mwaka 1905 Rais Theodore Roosevelt alikabidhi misitu ya hifadhi kwa Idara mpya ya Misitu chini ya Gifford Pinchot. Watu wa magharibi walikasirika: nusu ya kaunti imefungwa, itatozwa nini? Bunge likatafuta dawa ya kuwatuliza. Sheria ya 1908 ikasema robo ya mapato yote ya msitu wa taifa, asilimia 25, irudi kwa ajili ya barabara na shule za kaunti zilizo na msitu huo.

Iangalie vizuri dawa hiyo. Kaunti haikupewa fidia ya kodi iliyoikosa, ilipewa fungu la kilichouzwa. Mti uliosimama hauna senti, mti uliolala una robo. Tangu siku hiyo bajeti ya shule ya kijijini ilifungwa kamba moja na msumeno wa mnyororo, na kwa maoni yangu mengine yote unayoyasikia leo yametokana na kamba hiyo, hata kisa cha bundi nitakachokufikia hapa chini.

Oregon ya magharibi ina jambo lake la ziada. Serikali iliigawia kampuni ya reli ya Oregon and California mamilioni ya ekari, kipande cha maili moja mraba ndiyo, kinachofuata siyo, kama ubao wa drafti, kwa masharti kwamba kampuni iwauzie walowezi kwa bei nafuu. Kampuni ilivunja masharti. Bunge likazichukua ardhi hizo tena mwaka 1916, na kwa sheria ya 1937 likaagiza zitunzwe kama msitu wa kudumu wa kuvuna mbao kwa kiasi kisichoumaliza, huku sehemu kubwa ya mapato ikienda kwa kaunti 18. Kwa miongo kadhaa kaunti hizo zimepata nusu ya mapato. Ardhi hizi, zaidi ya ekari milioni 2, haziko chini ya Idara ya Misitu. Ziko chini ya Ofisi ya Usimamizi wa Ardhi, iliyo kwenye wizara nyingine kabisa.

Kwa muda mrefu mambo yalinoga. Baada ya Vita Kuu ya Pili Marekani ilijenga nyumba kwa fujo, mbao zikatoka Oregon. Huko mbao hupimwa kwa futi ya ubao: kipande cha futi moja kwa futi moja, unene inchi moja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 misitu ya taifa nchi nzima ilikuwa ikitoa kama bilioni 12 za futi hizo kwa mwaka. Kaunti za Oregon zilijenga maktaba, zikaajiri polisi, na kodi ya wananchi ikabaki kiduchu kwa sababu miti ilikuwa ikiwalipia.

Kisha likaja wimbi la sheria ambazo Bunge hilohilo lilikuwa limezipitisha bila kukumbuka ahadi ya 1908: tathmini ya mazingira kabla ya kila mradi mkubwa, ulinzi wa viumbe walio hatarini mwaka 1973, mipango ya misitu mwaka 1976. Juni 1990 bundi wa madoa wa kaskazini, ndege anayeishi kwenye misitu mikongwe, aliingizwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini. Mwaka 1991 Jaji William Dwyer wa Seattle alisimamisha uuzaji wa miti katika makazi ya bundi huyo hadi Idara ya Misitu ifuate sheria. Rais Clinton aliitisha kikao Portland mwaka 1993, na mwaka uliofuata ukazaliwa Mpango wa Misitu wa Kaskazini-Magharibi, ukihusu ekari milioni 24 na nusu. Ulipofika mwaka 2000, mavuno ya misitu ya taifa nchini kote hayakufika futi za ubao bilioni 3 kwa mwaka.

Mitaani bundi ndiye alibeba lawama zote. Ukweli ni kwamba viwanda vya mbao vilikuwa vimeanza kupunguza watu kabla yake, kwa sababu mashine mpya zilifanya kazi ya watu wengi, na magogo kutoka ardhi za watu binafsi yalipakiwa mazima kwenye meli kwenda Japani badala ya kupasuliwa hapo. Bundi aliufunga mlango ambao tayari ulikuwa umeegeshwa. Lakini kwa mtu aliyefukuzwa kiwandani Ijumaa, maelezo haya hayanunui unga, na simlaumu.

Bunge likaleta dawa ya pili mwaka 2000: sheria ya kuzilipa kaunti fedha za hazina, zikikokotolewa kwa miaka mitatu minono kati ya 1986 na 1999, bila kutegemea mti kukatwa. Wazo zuri, ila lilikuwa na tarehe ya mwisho. Sheria hiyo imekwisha muda na kuhuishwa mara kadhaa. Ilipokwisha mwaka 2006 kaunti ya Jackson, jirani wa Josephine, ilifunga maktaba zake zote 15 Aprili 2007. Zilikaa kimya miezi sita. Josephine nayo ikafunga zake mwezi mmoja baadaye. Ilipokwisha tena Septemba 2023, malipo ya 2025 yalirudi kwenye hesabu ya mwaka 1908.

Sasa kuhusu polisi. Mwaka 2012 fedha hizo zilipokauka, wapiga kura wa Josephine waliikataa kodi ya usalama. Sherifu akapunguza askari hadi waliobaki wakawa wanaitika simu za dharura kwa saa za ofisi tu, Jumatatu hadi Ijumaa. Ofisi yake ilitoa tangazo la kuwashauri watu wenye amri ya mahakama ya kuwalinda na watesi wao kwamba wafikirie kuhamia mahali penye polisi. Soma tena sentensi hiyo, ndugu yangu. Agosti ya mwaka huo mwanamke mmoja alipiga simu ya dharura mwanamume akiwa anavunja mlango wake. Mpokea simu alikaa naye kwenye laini zaidi ya dakika kumi, kwa sababu hakuwa na askari hata mmoja wa kumtuma. Mwaka uliofuata kura ikarudiwa, kodi ikakataliwa tena.

Kwa hiyo wenzake dada yako wana nusu ya haki. Serikali iliwaahidi na haikutimiza. Nusu nyingine hawaisemi. Kiwango cha kudumu cha kodi ya kaunti ya Josephine ni kama senti 59 kwa kila dola 1,000 za thamani ya nyumba, miongoni mwa viwango vya chini kabisa Oregon, na sheria za jimbo za miaka ya 1990 zilikigandisha hapohapo. Nyumba iliyokadiriwa dola 200,000 inailipa kaunti kama dola 118 kwa mwaka. Kiwango hicho kiliwekwa zama za miti. Miti iliondoka, kiwango kikabaki.

Ulichouliza cha pili ni kwa nini wasiende kortini. Wamekwenda, tena tangu enzi za babu zao. Huko Colorado, mfugaji Fred Light aliachia ng'ombe wake wakawa wanaingia kwenye hifadhi ya msitu ya Holy Cross kufuata malisho na maji. Sheria ya Colorado ilisema asiyetaka ng'ombe wa jirani aweke uzio, na serikali haikuwa imeweka. Light akasema basi sina kosa. Mwaka 1911 Mahakama ya Juu ikamjibu kwamba Katiba, ibara ya 4, imelipa Bunge la taifa mamlaka ya kuamua ardhi ya taifa itumikeje, na sheria ya uzio ya jimbo haiondoi mamlaka hayo. Mwaka 1976 ikawa zamu ya punda. Maofisa wa mifugo wa New Mexico waliwakamata punda mwitu 19 kwenye ardhi ya taifa wakawapiga mnada, na majaji wote wakakubaliana kwamba hapo pia sheria ya taifa ndiyo inayotawala. Kesi hizo mbili ndizo ukuta. Kila kaunti inayokwenda kortini kudai msitu hugonga kichwa hapo.

Zingine ziliona kesi inachelewa, zikachukua mashine. Tarehe 4 Julai 1994 Dick Carver, kamishna wa kaunti ya Nye, Nevada, alipanda buldoza la kaunti akafungua kwa nguvu barabara ya korongo la Jefferson ndani ya msitu wa Toiyabe, maafisa wa msitu wakimtaka asimame, umati ukishangilia. Alikuwa mtu wa kutembea na kijitabu cha Katiba mfukoni. Gazeti la Time lilimweka kwenye ukurasa wa mbele. Mwaka 1996 mahakama ya shirikisho ikasema ardhi ni ya taifa, kwisha.

Kisa cha Jarbidge, kaunti ya Elko, Nevada hiyohiyo, ndicho ninachokipenda zaidi, kwa sababu kinaonyesha jinsi kitu kidogo kinavyobeba hasira kubwa. Mafuriko ya 1995 yalisomba kipande cha barabara ya vumbi kando ya mto; yote haikufika hata kilomita 3, na mwisho wake palikuwa ni mahali pa kuanzia matembezi porini. Idara ya Misitu haikutaka kuijenga upya kwa sababu udongo ungeingia mtoni alimo samaki aina ya trauti aliye hatarini. Kaunti ikapeleka mashine mwaka 1998, ikazuiwa. Watu wa Montana waliofungiwa viwanda vyao vya mbao wakawatumia wenzao maelfu ya mabeleshi kuwaunga mkono. Beleshi moja kubwa mno likasimamishwa mbele ya mahakama ya Elko. Tarehe 4 Julai 2000 mamia ya watu walifunga kamba kwenye jiwe lililoziba njia, wakalivuta kwa mikono hadi likasogea. Kesi yake iliendelea miaka mingi baada ya kamba kukunjwa.

Lakini kesi inayojibu swali lako moja kwa moja ni ya kaunti ya Otero, New Mexico. Mwaka 2001, baada ya mioto mibaya, jimbo lilipitisha sheria ya kuziruhusu kaunti kutangaza hali ya hatari na kuingia msituni kupunguza miti bila idhini ya Idara ya Misitu. Mwaka 2011 Otero ikaitumia, ikapanga kupunguza miti kwenye makumi ya maelfu ya ekari za msitu wa Lincoln kuzunguka mji wa Cloudcroft. Kukawa na hafla, na mbunge wao Steve Pearce akaangusha mti kwa msumeno. Serikali ya shirikisho ikashtaki. Hoja ya kaunti ilikuwa ya huruma kwelikweli: moto ukija unaua watu wetu, na kuwalinda watu ni kazi yetu. Mahakama ya rufaa ilijibu mwaka 2016 kwamba hofu hiyo ni ya kweli, lakini mti si wenu.

Na hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Aprili 2022 Idara ya Misitu yenyewe iliwasha moto wa kupunguza majani makavu kaskazini mwa jimbo hilohilo, upepo ukauchukua. Ukaungana na mwingine uliofukuta tangu majira ya baridi kwenye marundo ya matawi ambayo Idara ilikuwa imeyachoma. Ekari zaidi ya 341,000 ziliteketea, moto mkubwa kuliko wote katika kumbukumbu za New Mexico, na Bunge likalazimika kutenga zaidi ya dola bilioni 2 za fidia. Oktoba ya mwaka huo, katika kaunti ya Grant, Oregon, moto wa namna hiyo uliruka ukaingia ardhi ya mtu binafsi, ekari kama 20. Sherifu alifika akamkamata papo hapo msimamizi wa moto, mtumishi wa serikali aliyekuwa kazini. Hiyo ndiyo hali ya uhusiano wao.

Nikiulizwa kaunti hushinda wapi, nasema mezani, kwa uvumilivu unaochosha. Sheria za 1976 zinaitaka serikali iratibu mipango yake na serikali za mitaa, na kaunti inaweza kuingia kama mshirika katika tathmini ya mazingira, ikakaa chumbani rasimu inapoandikwa. Kuratibu si kutii; makamishna wengi husoma neno hilo kana kwamba ni kura ya turufu, wanaishia kuvunjika moyo. Ila aliyejiandaa husikilizwa. Mpango mpya wa misitu mitatu ya Milima ya Blue, mashariki mwa Oregon, uliandikwa kwa takriban miaka 15. Kaunti zilipeleka pingamizi zenye hoja kuhusu malisho, barabara na uchumi, na Machi 2019 Idara ya Misitu ikauondoa mpango wote, bila buldoza wala beleshi. Tangu 2018 sheria imeziruhusu kaunti pia kuingia mkataba na Idara na kufanya zenyewe baadhi ya kazi za kutunza msitu wa taifa.

Mfano mzuri kuliko yote, na wenye uchungu wake, ni wa Quincy, kaunti ya Plumas, California. Mwaka 1993 wakili wa mazingira, mtaalamu wa misitu wa kampuni ya mbao na kiongozi wa kaunti walianza kukutana maktabani, kwa sababu maktabani hakuna kupigiana kelele. Walikubaliana namna ya kupunguza miti midogo na kuacha mikongwe, na mwaka 1998 Bunge likayafanya makubaliano yao kuwa sheria. Utekelezaji ukakwama kwenye pingamizi na kesi. Kazi iliyofanyika ilikuwa ndogo kuliko walivyotarajia. Mwaka 2021 moto wa Dixie ulipita kaunti hiyo, ukala karibu ekari milioni moja na kuuteketeza mji wa Greenville.

Turudi Josephine. Wenzake dada yako watamwambia pia kwamba zile ardhi za reli ni tofauti, kwamba sheria ya 1937 inalazimisha zivunwe. Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Mahakama ya rufaa iliwahi kusema mwaka 1990 kwamba mbao ndizo lengo kuu pale. Rais Obama alipopanua hifadhi ya Cascade-Siskiyou mwaka 2017 na kuziingiza baadhi ya ardhi hizo, kaunti na makampuni ya mbao zilishtaki. Zikashindwa katika mahakama mbili za rufaa mwaka 2023, na Machi 2024 Mahakama ya Juu ikakataa kusikiliza. Kuna pia tumaini la Washington: amri ya Rais Trump ya Machi 2025 ya kuongeza ukataji. Lakini mti ukikatwa leo unahitaji kiwanda cha kuupasua, na vingi vya vile vya zamani vilishauzwa kama vyuma chakavu. Fungu la kaunti halitarudi kuwa lile la mwaka 1988.

Kwa hiyo kura ya kodi aipime kwa kuuliza polisi wanagharimu kiasi gani mwaka huu, asingoje msitu. Na kama msitu wenyewe unamgusa, aanze na ramani ya ardhi za umma. Atakuta kijani, hiyo ni Idara ya Misitu, msitu wa Rogue River-Siskiyou. Atakuta na vile viraba vya drafti vya njano au rangi ya chungwa vinavyoizunguka Grants Pass; hivyo ni vya Ofisi ya Usimamizi wa Ardhi, kanda ya Medford. Kilima anachokiona dirishani kina rangi yake, na rangi hiyo itamwambia barua yake ya maoni aipeleke ofisi ipi. Muda wa kupokea maoni ya mradi mmoja mara nyingi ni siku 30 tu.